Kopo la Vibaba Vitatu

Wengi wetu tulifundishwa kugawanya sehemu kwa sentensi moja: pindua ya pili, kisha zidisha. Tukapindua, tukazidisha, tukapata vema, wala hatukujua tulichokifanya. Kanuni ni kongwe. Brahmagupta wa Bara Hindi aliiandika mwaka 628. Ukongwe huo haumsaidii mtoto aliyeukodolea macho ubao.

Niliwahi kukaa nyuma ya darasa nikimtazama mwalimu mmoja akifundisha jambo hili, na hadi leo sijaacha kumstaajabia. Chaki hakuigusa. Alikuja na ndoo ya mchele na vipimo vya bibi zetu: kibaba, kisaga chenye vibaba viwili, na pishi yenye vinne.

"Pishi tatu zina vibaba vingapi?"

Kumi na viwili, wakajibu, hata waliokuwa wakisinzia.

"Basi mmeshagawanya tatu kwa robo."

Darasa kimya. Naye akanyamaza, hakuwa na haraka.

Kisha akatoa kopo la maziwa alilolikata mwenyewe, linalojaa kwa vibaba vitatu, yaani robo tatu ya pishi. Mchele uliopo ni pishi mbili na nusu. Utajaza kopo mara ngapi? Akamwita binti mmoja apime. Kopo la kwanza, la pili, la tatu, kila mara akiufuta mchele kwa kiganja usipite mdomo wa kopo. Kikabaki kibaba kimoja.

"Tatu na robo!" darasa zima.

Hapa ndipo nilipouona ufundi wake. Hakusema wamekosa. Alikimimina kile kibaba ndani ya kopo, akapita nalo dawati kwa dawati kila mmoja achungulie. "Robo ya nini, wanangu? Ya pishi. Mimi niliuliza makopo." Kibaba kilekile kilicho robo ya pishi kilikuwa theluthi ya kopo. Jibu ni tatu na theluthi. Nimewaona watu wenye shahada wakikwama papo hapo.

Ndipo akashika chaki. Pishi moja hujaza kopo mara moja, na kibaba kinachobaki ni theluthi ya kopo. Jumla theluthi nne. Hiyo 4/3 ndiyo 3/4 iliyopinduliwa: idadi ya makopo yaliyomo katika pishi moja. Pishi zikiwa mbili na nusu, zidisha: 5/2 × 4/3 = 20/6, yaani 10/3. Kumbe kupindua si mazingaombwe.

Kipindi kizima kiliishia kwenye maswali mawili tu. Sijui mkaguzi angesemaje. Mimi ningempa mia kwa mia.

Aliwaachia swali la kwenda nalo nyumbani, nami nakuachia wewe. Una kisaga kimoja cha mchele, na kopo ni lilelile. Halijai. Limejaa sehemu gani?