Likembe, Kinanda na Masikio ya Wasikilizaji

Katika Kiswahili cha leo neno kinanda humpeleka msomaji moja kwa moja kwenye piano au ogani ya kanisani. Haikuwa hivyo tangu awali. Katika pwani ya Afrika Mashariki, kabla ala za Ulaya hazijaenea, kinanda kilikuwa ala ya nyuzi iliyosindikiza utungo katika hafla za watu wa mjini. Zilipofika ala za vibonye, wasemaji hawakuhangaika kutafuta jina jipya. Walitoa lile walilokuwa nalo. Likembe la Kongo halikubahatika hivyo. Ingawa ni ala ya ndimi za chuma zilizopangwa juu ya kisanduku cha mti na kuchezwa kwa vidole gumba, katika maandishi huitwa mara nyingi "piano ya vidole", tafsiri ya neno kwa neno ya istilahi ya Wazungu, na muziki wake huwekwa katika fungu la "muziki wa asili". Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba majina hayo mawili yamewaziba masikio wasikilizaji, wa mbali na wa karibu, wasiusikie usasa wa muziki huo.

Mfano wa karibu ni ule wa Mahagi, teritwari ya Waalur katika jimbo la Ituri, ambako wengi wangeapa kwamba likembe ni ala ya mababu. Watafiti, miongoni mwao Gerhard Kubik wa Austria, wameeleza safari tofauti. Ala hii ilitoka upande wa Kongo ya chini, ikapanda mto mwishoni mwa karne ya 19 pamoja na wachukuzi na watumishi wa serikali ya kikoloni. Kutoka kwa Waalur ikavuka kuingia Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, ikafika Acholi, Lango na hata Busoga pamoja na vijana waliokwenda kutafuta kazi. Kwa hiyo likembe lilifika katika milima hii takriban katika zama zilezile za misheni na kodi ya kichwa. Ni ala ya watu waliokuwa safarini.

Ushahidi wa lugha unaafikiana na historia hiyo. Katika Kilingala li- ni kiambishi cha ngeli, na wingi wake ni ma-. Kialur, Kiacholi na Kilango ni lugha za jamii ya Luo, nazo hazina ngeli za namna hiyo. Hata hivyo Waacholi husema lukeme na Walango husema okeme: mb imepungua ikawa m, na silabi ya mwanzo, ambayo kwa Mbantu ni kiambishi tu, imegandamana na shina. Neno lenye umbo hilo ni mgeni aliyepewa uraia. Anayetaka kuliita "la asili" hana budi kwanza aseme asili ya nani.

Tatizo la usikilizaji linaonekana wazi zaidi katika kazi ya mtunzi mmoja wa upande wa pili wa nchi, Mawangu Mingiedi (aliyefariki mwaka 2015). Mingiedi alikuwa Mzombo, mtu wa mpakani mwa Kongo na Angola, aliyehamia Kinshasa na kuunda kundi lake katika miaka ya 1960. Jijini kelele zilikuwa nyingi mno kwa kisanduku kidogo cha mti. Akatoa sumaku katika vipuri vya magari makuukuu, akazifanya maikrofoni, akaunganisha makembe ya sauti nyembamba, ya kati na nene na vipaza sauti vya kizamani. Muziki wa ibada za Wazombo ukatoka humo ukiwa umekwaruzika, mzito, wenye nguvu ya kuchezesha mtaa mzima. Ulirekodiwa mwaka 1978, lakini masikio ya Ulaya yalifunguka hasa mwaka 2004, kampuni ya Crammed Discs ya Ubelgiji ilipotoa albamu iitwayo Congotronics.

Hapo ndipo inapofaa kuwachunguza wasikilizaji badala ya mpigaji. Wapo waliosikia muziki wa kielektroniki wa kesho, wakastaajabu kwamba umetoka kwa mzee wa Kinshasa. Mwaka 2007 mwimbaji Björk wa Iceland akalialika kundi hilo katika santuri yake. Wengine walisikia jambo la kale, na mwaka 2008 albamu nyingine ya kundi hilohilo iliteuliwa kuwania tuzo za Grammy za Marekani katika fungu la muziki wa jadi. Kundi moja, ala zilezile, na hukumu mbili zinazokanushana. Kosa haliko katika kupenda, wote walipenda. Kosa ni kwamba kila upande uliuchukulia mkwaruzo wa sauti kuwa ajali, wa kwanza ukaisifu kama ugunduzi, wa pili ukaivumilia kama umaskini wa vifaa.

Mkwaruzo huo si ajali hata kidogo. Likembe lisilo na umeme nalo huvishwa pete ndogo za bati au waya kwenye ndimi zake ili kila sauti ifuatane na mtetemo, na kisanduku huwa na tundu ambalo mpigaji hulifunika na kulifunua ili sauti ipanuke na kusinyaa. Wagogo wa Tanzania, katika ilimba ambalo Hukwe Zawose (1938–2003) alilipatia sifa duniani, huziba matundu kwa utando wa buibui kwa lengo hilohilo. Sauti safi, iliyo tupu, kwa masikio haya ni sauti isiyokamilika. Mingiedi alichofanya ni kuikuza kanuni iliyokuwapo, na ndiyo maana rekodi zake bora ni zile zisizosafishwa. Albamu ya mwaka 2016 ambayo kundi lilitoa pamoja na Batida wa Ureno, pamoja na uchangamfu wake, imelainishwa mno. Mdundo wa mashine unawabeba wachezaji, lakini pete haziwashi tena ulimi.

Usasa wa namna hii unaweza kupimwa kando ya ule wa kisomi. Alois Hába (1893–1973), mtunzi wa Ucheki asiyejulikana sana hata kwa wapenzi wengi wa piano, alizaliwa Vizovice huko Moravia, na masikio yake yalikuwa yamezoea nyimbo za vijijini zenye sauti zinazoangukia katikati ya vibonye. Piano ya kawaida huigawa oktava katika sauti 12. Yeye alitaka 24. Mwaka 1924 kiwanda cha August Förster kikamtengenezea piano ya robo toni yenye safu tatu za vibonye, naye akaiandikia fantasia, suti na sonata. Ni muziki wenye uso mkali, lakini mstari wake huimbika kuliko inavyodhaniwa, na anayeusikiliza mara ya tatu huanza kumsikia mwanakijiji ndani yake. Hata hivyo kumbi zenye ala hiyo zilikuwa chache sana, na sehemu kubwa ya kazi hiyo imebaki kwenye karatasi. Mpigaji wa likembe anayetaka sauti iliyo katikati husukuma ulimi wa chuma mbele au nyuma kidogo, kisha huendelea. Hahitaji kiwanda.

Lakini Hába ana kitu ambacho mpigaji huyo hana: jina lake limeandikwa juu ya kila utungo. Jina kamili la kundi la Kinshasa lilimtaja mwenyewe kwa kulitambulisha kuwa ni Konono N°1 "de Mingiedi"; juu ya majalada ya Ulaya likabaki Konono N°1 tu. (Jina hilohilo refu lilikuwa pia na neno "folklorique", ambalo katika Zaire ya siasa ya uhalisi ya Mobutu lilikuwa neno la heshima. Msomaji asiye na habari za wakati huo hulielewa vibaya.) Kuhusu Waalur hali ni ngumu zaidi, kwa sababu katika orodha za kanda na santuri mara nyingi jina la kabila huandikwa penye nafasi ya mtunzi, kana kwamba kabila zima liliketi likatunga.

Dhana hiyo ya utunzi wa pamoja ina chanzo chake. Katika agwara, tarumbeta za Waalur, kila mpigaji hushika sauti moja tu, na wimbo hupatikana kwa kugawana. Huko kusema "Waalur walipiga" ni karibu na ukweli. Likembe limezikusanya sauti hizo zilizokuwa za watu wengi chini ya vidole gumba viwili vya mtu mmoja, anayeweza kutembea usiku peke yake kutoka sokoni Mahagi akibadili mahali pa sauti moja huku nyingine zikibaki. Mtu huyo anatunga, tena kwa namna isiyowezekana katika agwara. Mhakiki anayemsikiliza anapaswa kuuliza alianzia wapi, alibadili nini, na kwa nini alirudia pale aliporudia, kama anavyouliza mbele ya sonata ya Hába. Na mwenye kuandaa kadi ya maktaba anapaswa kuuliza jina lake kabla hajaondoka na kanda.