Tupumue Saa Ngapi? Tahakiki ya Lugha ya Saa katika Maandishi ya Afya

Mradi uliochunguza mapafu ya watoto wa shule wa Mukuru na Buruburu, katika Eastlands ya Nairobi, ulipewa jina la Tupumue. Kisarufi jina hili limechaguliwa vyema: ni ombi na agizo kwa pamoja, na kiambishi chake cha nafsi hakimwachi mtu nje. Hata hivyo, matokeo yalidhihirisha kuwa maneno hayawafikii watu wote kwa usawa. Dalili za maradhi ya kifua zilikuwa nyingi zaidi katika mabanda ya Mukuru, ilhali waliokwisha kuambiwa kuwa wana pumu walikuwa wengi zaidi Buruburu.

Ila moja yafaa itajwe. Jina hilo, kama maandishi mengi ya afya kwa Kiswahili, halitaji saa, na mapafu yana saa yake. Vifuko vya hewa hupakwa ndani utando mwembamba uitwao safakitanti, unaovizuia visinywee mtu atoapo pumzi. Ndani yake mna protini nne, A, B, C na D, zinazotengenezwa kwa maagizo ya jeni. Je, maagizo hayo hutolewa kwa kiwango kimoja usiku na mchana? Utafiti wa viungo 12 vya panya uliochapishwa mwaka 2014 ulikuta kwamba asilimia 43 hivi ya jeni za protini hupanda na kushuka kila saa 24 angalau katika kiungo kimoja, na mapafu yalikuwa miongoni mwa viungo vyenye jeni nyingi za namna hiyo. Kwa binadamu, tangu John Floyer alipoandika juu ya pumu mwaka 1698, imejulikana kuwa ugonjwa huu hupenda kushambulia usiku. Kilele chake hukaribia saa kumi za alfajiri.

Dodoso la ISAAC, uchunguzi wa kimataifa ulioanzishwa mwaka 1991, huuliza juu ya kikohozi kikavu cha usiku. Lakini Mswahili ana magharibi, isha, usiku wa manane, majogoo na alfajiri. Mama wa Kaloleni aulizwapo habari za usiku huenda akajibu habari za saa tatu, akanyamazia kikohozi cha majogoo, ambacho kwake ni cha asubuhi.

Kosa la pili ni zito zaidi. Mfasiri anayeiona tarakimu 4 ya saa ya Kizungu akaandika "saa nne usiku" ameurudisha ugonjwa nyuma kwa saa sita. Vivyo hivyo, dawa iliyoandikiwa 8 humezwa na mmoja saa mbili, na mwingine saa nane.

Kiswahili huhesabu saa kutoka mapambazuko na machweo. Saa ya mwili nayo hurekebishwa kwa nuru. Kwa hiyo waandishi wa madodoso na wa vikaratasi vya zahanati hawahitaji kuunda istilahi mpya. Waandike saa kwa maneno, pamoja na kipindi chake: saa kumi za alfajiri.