Nishani Isiyovaliwa

Wako wasemao ya kuwa vita si jambo la kuchekesha, wala hatuwezi kuwalaumu, kwani aliyezika mwanawe vitani hana sababu ya kucheka. Hata hivyo Waingereza walitunga mchezo wa kuchekesha juu ya vita kuu ya pili, wakauita Dad's Army, maana yake Jeshi la Baba. BBC iliuonyesha katika televisheni tangu mwaka 1968 hata 1977, sehemu 80 kwa jumla. Waliouandika ni Jimmy Perry na David Croft. Tumeutazama na kuurudia, na leo twapenda kuwaambia wasomaji wetu tuliyoyaona ndani yake, mema na mengine.

Kwanza yafaa msomaji ajue asili yake. Tarehe 14 Mei 1940, majeshi ya Wajerumani yalipokuwa yakiingia Ufaransa, waziri wa vita wa Uingereza, Anthony Eden, alisema katika redio akiwaita wanaume wa miaka 17 hata 65 wajitolee kulinda miji na vijiji vyao, kila mtu akiendelea na kazi yake. Wakafurika vituoni mwa polisi. Silaha hazikuwako, mwenye bunduki ya kuwindia ndege alikuja nayo, na asiye nayo alishika fimbo. Hata baadaye, walipokwisha kupewa jina la Home Guard na hesabu yao kupita milioni moja, wako waliopewa vipande vya bomba la chuma vyenye singe nchani, mithili ya mikuki. Walipumzishwa Desemba 1944. Perry mwenyewe alikuwa mmoja wao katika ujana wake, basi aliandika mambo aliyoyajua.

Mchezo umewekwa katika mji wa kubuniwa, Walmington-on-Sea, pwani ya kusini ya Uingereza. Mkubwa wa kikosi ni Kapteni Mainwaring, meneja wa benki. (Jina huandikwa hivyo, lakini wenyewe hulitamka Manaring, watoto wa shule wanaonung'unika juu ya tahajia ya Kiingereza wasipigwe.) Ni mtu mfupi, mnene, mwenye kujiona. Sajini wake ni Wilson, karani wake katika benki, ila Wilson ametoka katika nyumba ya watu wakubwa, na jambo hilo lamchoma Mainwaring usiku na mchana. Amri ya kapteni ikipita kinywani mwa Wilson hugeuka ombi la upole, kama mtu aombaye chumvi mezani. Sisi walimu twamjua Mainwaring; hakosekani mahali popote penye kiti kimoja kirefu kuliko vingine.

Lakini angalieni. Katika sehemu moja ya mwaka 1969 bomu laanguka ndani ya benki bila kupasuka, na Mainwaring na Wilson wajikuta wameketi katika chumba cha hazina wamelipakata mapajani. Twacheka sana, lakini hatumcheki kama mwoga, kwani hakukimbia. Hapo ndipo ulipo uzuri wa mchezo huu: hucheka kiburi cha mtu, na ushujaa wake huuacha.

Iko sehemu nyingine ya mwaka huo iliyotugusa kuliko zote. Mzee Godfrey, mpole, mgonjwagonjwa, amwambia kapteni kwamba ataka kuondoka kikosini, kwa maana hakuweza kumwua hata panya. Tena akiri kwamba katika vita ya kwanza alikataa kupigana kwa ajili ya dhamiri yake. Wenzake wamtenga. Kisha katika mazoezi Mainwaring azidiwa na moshi ndani ya kibanda, na Godfrey ndiye aingiaye kumtoa. Wanapokwenda kumtazama kitandani waona picha yake amevaa nishani. Kumbe alikuwa mchukuzi wa majeruhi huko Somme, akawatoa watu chini ya risasi! Hakuivaa tena, kwa kuwa aliona ni majivuno.

Basi mfikirini sasa Koplo Jones, mwuza nyama, ambaye kifua chake kimejaa nishani. Huyu hachoki kusimulia alivyokwenda Sudani pamoja na Kitchener, na jinsi watu wa huko wasivyopenda kuchomwa singe. Watazamaji hucheka kila mara. Sisi tulicheka mara ya kwanza, mara ya pili tukanyamaza. Omdurman, Septemba 2, 1898, waliuawa watu zaidi ya 10,000 wa Khalifa kwa asubuhi moja, na upande wa pili hawakufika 50. Wengi wa wale hawakuiona singe hata kwa mbali. Mizinga na bombom ziliwamaliza wangali wakija mbio. Waandishi waliojua kumchunguza Godfrey hata ndani ya moyo hawakuwachunguza hivyo watu wa Sudani. Kosa hili si la mchezaji Clive Dunn, ambaye mwenyewe alishikwa mateka Ugiriki mwaka 1941 na kukaa kifungoni hata vita ilipokaribia kwisha.

Tena liko jambo ambalo huenda watazamaji wengi hawakulijua. Mzee aliyecheza Godfrey, Arnold Ridley, alipigana kweli Somme mwaka 1916. Alivunjwa fuvu kwa kitako cha bunduki, mkono wake wa kushoto ukaharibika, akachomwa singe. Miaka hamsini na zaidi baadaye alisimama katika mstari ule ule na Jones, akasikiliza mzaha wa singe mwaka baada ya mwaka, uso wake mtulivu.

Sehemu ya mwisho, ya mwaka 1977, ni arusi ya Jones. Jioni ile wakubwa na wadogo wa kikosi wasimama pamoja, wainua vikombe na kuwatakia heri Home Guard wote. Ridley alikuwa amepita miaka 80. Atakayeutazama mchezo huu na amtazame yeye, hasa Jones anapoanza habari za Sudani.