Nani Amesema "Dada"?

Wiki mbili zilizopita nilikaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini nikamsikia kijana akihakiki "Shogake Dada Ana Ndevu", na watu wakampigia makofi. Alikuwa na karatasi nne. Dhamira: malezi. Maudhui: mimba za mapema, ulaghai, utepetevu wa wazazi. Safia: mwerevu, msiri, mnafiki. Mbinu: kinaya, taharuki, majazi. Kila kitu kilipangwa vizuri kama vikombe vya wageni kabatini, na hakuna hata kimoja kilichowahi kutiwa chai.

Nilimfuata nje alipokwenda kuchukua soda. Nikamuuliza, "Mwanangu, jina la hadithi ile ni maneno ya nani?"

Akaniangalia kwa ile huruma wanayotuangalia nayo wazee. "Ya mwandishi, mwalimu."

Makofi yote yale, na hili halijui! Basi nitaandika, na atakayeudhika aniwie radhi.

Hadithi ni ya Alifa Chokocho, imo katika *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*, diwani aliyoihariri na Dumu Kayanda mwaka 2016. Watahiniwa wa Kenya waliitafuna hadi 2022. Waliosoma wanakumbuka: Bwana Masudi na Bi Hamida wana binti wa kuonea fahari, Safia. Shoga yake, Kimwana, huja kusoma naye, kajifunika buibui. Mwisho Safia anapata mimba na anakufa akijaribu kuitoa. Mpaka hapo kila mtu anafika, hata yule wa karatasi nne.

Sasa rudi kwenye jina, usome polepole. Shoga, kwa sisi wa pwani, ni rafiki wa kike wa mwanamke. Wanaume hawana mashoga kwa maana hiyo. Wa bara hulisikia neno kwa maana nyingine, hucheka, na wakishacheka wamelikosa. Lakini hilo ni dogo. Neno lenyewe ni "dada". Katika nyumba ile ni nani anayeweza kumwita Safia dada? Baba yake hawezi. Mama yake pia, ingawa najua ziko nyumba ambazo mama humwita kifungua mimba "dada" ili wadogo wajifunze heshima. Msimulizi hana undugu na mtu. Anayebaki ni Lulua, mdogo wake Safia. Jina zima limetoka kinywani mwa mtoto aliyeona, akasema alichokiona, akakemewa. Maneno ambayo mama aliyatupa, mwandishi ameyaokota akayatundika juu ya mlango. Na wewe uliyeyasoma pale juu ukatabasamu, ukadhani ni kichekesho, ukafungua ukurasa, umefanya kilekile alichofanya Bi Hamida. Hadithi ilikutahini kabla hujaianza, ukaanguka.

Hiyo ndiyo maana iliyofichika. Malezi na mimba za mapema ni mada za baraza la kata.

Hadithi ya familia yenye mgogoro huanza kuhakikiwa kwenye majina wanayoitana. Mwanafunzi hutafuta jazanda kwenye mvua, kwenye kunguru, kwenye taa inayozimika. Undugu wa Kiswahili haujifichi huko. Umejificha kwenye kimilikishi, silabi moja au mbili ambazo jicho hupita juu yake: mwanangu, mwanao, mwanetu, mwanawe. Nani asiyejua kwamba mtoto akifaulu ni mwanangu, akiharibika ni mwanao? Baba akisema "huyo mwanao" kwa mkewe, ameshatoka nyumbani hata kama bado amekaa mezani anasubiri ugali. Mwandishi stadi haongezi neno hapo. Mwandishi mbovu ataongeza aya mbili kutueleza kwamba ndoa ilikuwa imeingia dosari.

Aliyenifundisha haya alikuwa mzee mmoja wa Pemba, mwalimu wetu chuoni, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na sauti ya chini. Siku moja alitugawia hadithi ya kurasa nne, imepigwa taipu, haina jina la mwandishi. Mume na mke, nyumba inavuja, mume hana kazi ya kudumu, wana mtoto mchanga aitwaye Juma. Wanagombana kidogo kuhusu bati, wanapatana, wanalala. Basi. Tulijipanga kama askari. Mmoja akasema dhamira ni umaskini. Mwingine akasema paa linalovuja ni jazanda ya serikali isiyojali, akapewa makofi na wenzake. Mimi nilisema, tena kwa mikogo, kwamba kuna taharuki.

Mzee akauliza, "Asha yuko wapi?"

Tukatazamana. Asha gani? Akatuamuru tuchukue penseli tupige mstari chini ya kila jina ambalo mke anamwitia mumewe. Ukurasa wa kwanza: Baba Asha. Ukurasa wa pili, katikati ya ugomvi wa bati: Baba Asha. Wa tatu: Baba Asha. Ukurasa wa nne, usiku, mvua imekatika, mke amemweka Juma kifuani, anamwambia mumewe azime taa. Anamwita Baba Juma.

Darasa likanyamaza. Ndani ya nyumba ile hakukuwa na kitanda cha Asha, wala sahani yake, wala kiatu. Hakuna aliyemtaja Asha hata mara moja isipokuwa mama yake, na yeye alimtaja kila alipomwita mumewe. Mtoto alikuwa amekufa. Ndugu yake alikuwa ameshazaliwa, na kwa kurasa tatu mama alikuwa hajakubali kulibadilisha jina la mume wake. Paa lilikuwa paa tu. Hadithi nzima ilikuwa mwanamke anayemzika binti yake kwa neno moja, gizani, bila hata mume kugeuka. Na kama mume aligundua, mwandishi hakutuambia. Nimeshahakiki mamia ya hadithi tangu siku ile, na sijaisahau ile ya bati.

Tulimbana mzee atuambie mwandishi ni nani. Alisema ni mwanafunzi wa miaka ya nyuma aliyeishia kuwa karani wa bandari na hakuandika tena.

Matapeli wanaotuzuia kusoma hivyo wako wa aina mbili. Wa kwanza ni waandishi wa miongozo. Nimewahi kushika mwongozo uliompa mhusika mmoja sifa kumi na mbili ilhali katika hadithi yenyewe anatajwa mara mbili, na mara ya pili ni kwenye mazishi yake. Aliyeuandika alikuwa amesoma mwongozo mwingine. Huyu namsamehe, ana karo za kulipa. Wa pili ndiye hatari: mwandishi wa hadithi anayejua kwamba wahakiki wanatafuta jazanda, basi anawamwagia. Kioo kinapasuka baba anapopandisha sauti. Picha ya arusi inaanguka ukutani. Mchwa wanakula kiti cha babu. Ni kama zabibu kwenye pilau ya mgahawa, zimewekwa juu zionekane, chini ni mchele na maji. Hadithi za namna hii hushinda mashindano. Nimewahi kukaa kwenye jopo lililoipa moja zawadi ya kwanza. Nilikuwa peke yangu niliyepinga, na bado nina uchungu.

Mengine nitayasema upesi, na usiniombe sababu. Baba akilia ukurasa wa kwanza, nafunga kitabu. Hadithi ya familia isiyo na chakula ndani yake haina familia. Mwisho unaopatanisha watu wote ni wa kampeni ya redio. Kisengerenyuma kimoja kinatosha, viwili ni uvivu. Bibi mwenye hekima hafai, labda awe pia mbeya. Na mhakiki anayetumia neno "jamii" zaidi ya mara tatu katika aya moja hajaisoma hadithi.

Watu wataniambia riwaya inafanya vizuri zaidi. Sikatai kwamba Kezilahabi alimpa Zakaria mlevi na mkewe Regina kitabu kizima, *Rosa Mistika*, mwaka 1971, na kikatutikisa. Riwaya ina nafasi ya kukuonyesha kila pigo. Hadithi fupi haina nafasi hiyo, ndiyo maana inalazimika kuweka kila kitu katika namna mtu anavyoitwa. Hata katika "Masharti ya Kisasa", ya Chokocho huyuhuyu, Dadi muuza samaki anapomshuku Kidawa, sisomi kwanza anachokishuku. Nasoma anamwitaje mkewe akiwa naye, na anamtajaje akiwa peke yake na mawazo yake. Jaribu, utaona.

Zamani tulisoma kwa sauti. Nakala ya jarida la *Mulika* ilikuwa ikifika chuoni inapita mikono ishirini, na mtu alisoma barazani wengine wakisikiliza, na msomaji akikosea kimilikishi kulikuwa na mzee wa kumrekebisha. Sikio lilishika ambacho jicho leo linaruka. Kijana wa karatasi nne amesoma kwenye simu, kimyakimya, ndani ya matatu. Sina haki ya kumlaumu sana. Hakuna aliyewahi kumsomea "Shogake Dada Ana Ndevu" kwa sauti ya mtoto.

Walimu wenzangu, ombi langu ni dogo. Hadithi mpya ikija darasani, tengeni kipindi kimoja, dakika 40, kabla neno "maudhui" halijaandikwa ubaoni. Mmoja asome, wengine washike penseli na kupiga mstari chini ya kila mwanangu, mwanao, mama fulani, baba fulani. Kisha muwaulize nani hajaitwa.