Bata mzinga si bata: kicheko kigumu kutafsiri

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi hutafsiri matini za filamu na vipindi vya televisheni, alinipigia simu juzi usiku. "Shikamoo Prof. Hivi hawa Wamarekani huwa wanacheka nini hasa?" Kila alipokutana na ndege yule wa Sikukuu ya Shukrani aliandika "bata mzinga", na kila alipoandika hivyo mzaha ulimfia mkononi.

Nilimwelewa. Nilipokuwa Marekani kwa masomo ya uzamifu, nilialikwa kwenye karamu hiyo, ambayo huwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Mwenyeji wetu, mama mchangamfu, alimtoa ndege kwenye oveni, ngozi imeiva rangi ya kahawia inayong'aa. Kisu kikapita kwenye nyama kidogo, halafu, kwaa! Barafu. Ndani ya tumbo mlikuwa bado na kile kifuko cha shingo na firigisi ambacho wauzaji hukitia humo. Wageni walicheka hadi machozi, na mwenyeji ndiye aliyecheka kuwashinda wote. Mimi niliinamisha kichwa. Kwetu, mgeni kuandaliwa kuku mbichi ni jambo la kuitiwa wazee. Tulikula viazi vya kupondwa na pai ya malenge. Mwaka uliofuata kisa kilisimuliwa tena, na barafu, waama, ilikuwa imeongezeka.

Hii ni fasihi simulizi, jamani, ijapokuwa watambaji wake wamevaa aproni. Ina vijenzi vyake visivyobadilika: barafu, moto, kifuko kilichosahaulika. Tena vina sababu. Ndege wa kilo saba huhitaji takribani siku nne ndani ya jokofu ili barafu iyeyuke, na nani hukumbuka hilo siku nne kabla? Anayeona njia ya mkato ni kumtumbukiza kwenye sufuria la mafuta moto akiwa bado ameganda hugundua kwamba maji yanayogeuka mvuke ghafla huyarusha mafuta nje hadi kwenye moto. Kampuni ya Butterball ilianzisha mwaka 1981 huduma ya simu ya kuwashauri wapishi waliokwama, na huduma hiyo ipo hadi leo. Ndege huyu hupikwa mara moja kwa mwaka, na mtu asiyemzoea, mbele ya mama mkwe. Utani utakosaje kuzaliwa?

Ugali, kwa upande mwingine, hupikwa kila siku. Bibi harusi akiusonga ukatoka na mabuje, hapatikani wa kucheka naye. Huchekwa, tena kisogoni, na miaka mitano baadaye bado wifi zake wanauzungumzia. Kucheka na mtu na kumcheka mtu ni vitu viwili, na mfasiri asiposikia tofauti hiyo atamgeuza yule mama wa oveni kuwa mzembe.

Mwanafunzi wangu ana kazi tatu mezani. Ya Mr. Bean ya mwaka 1992, ambamo bwana huyo anamtafuta saa yake ndani ya ndege na kuishia kichwa kikiwa kimenasa humo, haihitaji mfasiri. Mtoto wa Lodwar ataicheka bila neno lolote. Ni kichekesho chepesi, na hakijidai kuwa zaidi ya hapo. Ya pili ni "Turkeys Away", sehemu ya WKRP in Cincinnati iliyoonyeshwa 1978: meneja wa redio anawadondosha ndege hai kutoka kwenye helikopta, akiamini wanaruka. Ubora wake ni kwamba hatuwaoni wakianguka. Tunamsikia tu mtangazaji akisimulia kwa hofu inayopanda. Lakini kwa Kiingereza jina la ndege huyu pia humaanisha mtu bozi, au mchezo ulioboronga jukwaani. Kwa Kiswahili, "bata" anaelekea kwingine kabisa: vijana wakisema wanakula bata, wanastarehe. "Mzinga" nao Nairobi ni chupa kubwa ya pombe kali, au ombi la hela kutoka kwa rafiki. Mfasiri aliniuliza kama anaweza kutumia mbuzi choma badala yake. Nilikataa kata kata. Mbuzi huchomwa na fundi wa kazi hiyo kila wikendi. Hofu ya mpishi wa mara moja kwa mwaka itatoka wapi?

Ya tatu ndiyo iliyotukosanisha. Ni sehemu ya The West Wing iliyoonyeshwa Novemba 2001. Rais wa Marekani anaipigia simu ile huduma ya Butterball, anajitambulisha kwa jina la uongo na kudai anaishi Fargo, kisa anataka kujua kama ni salama kumpika ndege akiwa amejazwa vikorombwezo tumboni. Nimecheka kila nilipoitazama. Wakati huohuo, kwenye ukumbi wa Ikulu hiyohiyo, wamesimama watu wawili wa jamii ya Stockbridge-Munsee, wenyeji wa asili, waliokuja kuulizia ombi lao la ardhi ambalo limekaa miaka bila jibu. Hawataki kuondoka. Waandishi waliviweka visa hivi viwili sambamba kwa makusudi: swali la tumbo la ndege linapata mtaalamu papo hapo kwa simu.

Sasa tazama jina la sehemu hiyo: "The Indians in the Lobby". Mwanafunzi wangu aliandika "Wahindi Ukumbini". Msomaji wa Nairobi atawaona wenye maduka ya vitambaa Biashara Street! Kosa la Columbus, aliyedhani amefika India, liliwabandika watu hao jina, na likamfuata hata ndege wao. Mfaransa humwita ndege huyo kwa jina linalotokana na India. Mturuki humwita hindi, hali Mwingereza amempa jina la Uturuki. Mreno anasema ni wa Peru. Hakuna aliyemwita kwa jina la watu waliomfuga kwanza huko Meksiko. Nasi tusiwacheke sana, maana bata bukini wetu ana jina la kale la Madagaska.

Wahenga walisema ukimchunguza sana bata hutamla. Mfasiri alinitupia methali hiyo akitaka tusichimbe mno. Nikamjibu kwamba kazi ya mfasiri ni kumchunguza bata, ale asile. Tangu 1970 wako wenyeji wa asili wanaokusanyika Plymouth siku hiyo ya Shukrani kuomboleza. Kuwaita Wahindi, au Wahindi Wekundu kama vitabu vyetu vya zamani, ni kurudia kosa la baharia wa 1492 kwa lugha ambayo haikuwepo melini.

Nimependekeza "Wamunsee Ukumbini". Anasema hakuna mtazamaji atakayejua ni akina nani. Nimemwambia mtazamaji atajua ndani ya dakika kumi, kwani wao wenyewe wanajieleza. Matini inatakiwa Jumatatu, na hadi naandika haya hajanipigia tena.