Gumba la mujomba, na kantri ya watu wa barza



Likizo ya Noeli tulikaa kwenye barza ya mwenzetu mumoja pale Kasongo, watu kama saba hivi, kila mutu na diplome yake, pamoja na muzee mumoja, mwalimu wa zamani aliyetufundisha karibu wote. Paneli ya jua ilikuwa imeshiba, bafle inalia vizuri. Mupwa wangu anayeishi Lexington, kule Kentucky, alikuwa amenitumia nyimbo kwenye simu, nami nikazipiga. Ikapita ya kwanza, ikapita ya pili. Ya tatu haikufika katikati, muzee akainua mukono: "Zima hiyo. Hiyo hapana kantri. Kantri njo Jim Reeves." Nusu ya barza ikaitikia kama vile msikitini. Nusu ingine ikaanza kelele, na kelele zikaendelea mpaka betri ikakufa.

Mimi nilinyamaza, jambo ambalo wanaonifahamu hawataliamini. Leo niseme kile nilichomeza siku ile.

Nianze kwa kuwapa wazee haki yao. Jim Reeves alikuja Afrika ya Kusini mwaka 1962, akarudi tena 1963, akarekodi hata nyimbo kwa Kiafrikana, na mwaka 1964 akafa kwa ajali ya ndege. Sauti yake ilifika kwetu kwa redio na kwa mizigo ya wafanyabiashara. Ni sauti isiyo na haraka. Kila neno linatoka peke yake, limeoshwa, limekaushwa. Kwa kijana wa wakati ule aliyetaka kujua Kiingereza na hana mwalimu, huyo alikuwa mwalimu. Muzee wetu mpaka leo anaongea na mbuzi wake kwa ule upole wa Jim Reeves. Siwezi kumucheka. Don Williams naye, mutu aliyeimba kama anayezungumza na jirani juu ya ukuta, alifika Harare mwaka 1997, na ile filamu iliyopigwa kule inaonyesha watu wakimuimbia nyimbo zake mwenyewe kabla hajafungua kinywa. Upendo wa namna ile si upumbavu.

Shida yangu ni moja. Wazee walipenda sauti moja, kisha wakaifanya kuwa ukuta wa nyumba nzima. Atakayekuja na sauti ingine wanamwambia abaki nje. Na ukuta huo siyo wao walioujenga, waliukuta umejengwa na wenye biashara kule Marekani.

Niwape mufano wa mujomba wangu, ndugu wa mama, Mungu amurehemu. Alikuwa na kaseti ya Charley Pride isiyo na picha, jalada lake lilipotea zamani. Miaka na miaka alibishana na watu kwamba Charley Pride ni muzungu, kwa sababu "mutu mweusi hawezi kuimba vile". Siku alipoonyeshwa picha alikaa kimya, kisha akasema picha imebadilishwa! Tulicheka sana. Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1966 kampuni yake yenyewe ilitoa nyimbo zake za kwanza bila picha, ili redio zizipige kabla ya kujua rangi yake. Kumbe mujomba alidanganywa kwa makusudi, kutoka mbali kabisa. Na ndiyo maana nasema kicheko chetu hakikuwa cha haki.

Maana ukiuliza kantri ilitoka wapi, jibu halikai katika kofia ya kauboi. Banjo ni chombo kilichozaliwa na kumbukumbu za Waafrika waliouzwa utumwani. Ndugu yake, akonting, bado inapigwa na Wajola wa Senegal na Gambia. Sisi wa Kasongo neno hilo la kuuzwa tusilipite haraka, muji wetu tunajua ulikua kwa biashara gani kabla ya 1893. DeFord Bailey, mutu mweusi na harmonika yake, alikuwa nyota wa Grand Ole Opry tangu miaka ya 1920, mpaka 1941 walipomuondoa. Lesley Riddle, mutu mweusi wa Tennessee aliyepoteza mguu kiwandani, alizunguka vijiji na A. P. Carter kutafuta nyimbo, A. P. aliandika maneno, Riddle alishika sauti kichwani. Na Maybelle Carter, ambaye mukono wake wa gita wanaufuata wapigaji mpaka leo, alijifunza mengine pia kwa kumutazama huyo Riddle. Gumba linapiga nyuzi nene, vidole vinajibu kwenye nyuzi nyembamba.

Hapo njo napotaka kufika. Gumba.

Mujomba huyu wa kaseti alifanya kazi ya migodi Likasi, wakati ule Jadotville. Alijivuna kwamba aliishi katika muji uleule ambamo Hugh Tracey alimurekodi Jean-Bosco Mwenda mwaka 1952. Aliporudi Kasongo alileta gita. Alipiga kwa vidole viwili tu, gumba na kidole cha shahada, kama walivyopiga watu wa Katanga. Gumba linatembea kama mutu anayekwenda shamba, halikimbii, halisimami. Kidole cha shahada kinazunguka juu yake kama mutoto anayemufuata mama yake, mara yuko mbele, mara nyuma, mara ameokota kitu njiani. Ukisikia bila kuona, unaapa kwamba wako wapigaji wawili.

Lakini sikieni hili. Wageni wakija, mujomba alipiga Jim Reeves. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha, gita lake pale lilikuwa la kawaida tu, na wageni walipiga makofi. Wakishaondoka, alikwenda nyuma ya nyumba, karibu na jiko, akapiga Mwenda. Pale alikuwa mutu mwingine. Siku moja nilimuuliza kwa nini hawapigii wageni hizi. Akaniambia: "Hizi ni za kijiji, mwanangu. Wageni wanataka kantri."

Wandugu wanaojua Kiingereza, mutafsirie neno hilo "kantri" mwenyewe muone.

Hakuna aliyemurekodi. Gita lilipotea katika vita vya 1998, tulipokimbilia porini, na yeye hakununua lingine. Nyimbo zake nne au tano alizotunga mwenyewe, kwa Kiswahili chetu hiki hiki, sikumbuki hata mustari mumoja mzima. Nakumbuka gumba tu.

Sidai kwamba Mwenda ni mutoto wa Jimmie Rodgers. Sauti za Marekani zilifika kila mahali, ni kweli. Mwaka 1950, kule Kapkatet nchini Kenya, Tracey huyohuyo alirekodi wasichana wa Kipsigis wakimuimba Jimmie Rodgers kwa jina la Chemirocha, na katika wimbo wao yeye ni nusu mutu, nusu swala! Wimbo ule nausikiliza kila mara nikitaka kufurahi. Ninachodai ni kidogo zaidi: kama kantri ni mutu wa kijiji aliyekwenda kazi muji wa mbali, anapiga nyuzi kwa mukono wake na kuimba habari za nyumbani kwa lugha ambayo mama yake angeielewa, basi Mwenda na Edouard Masengo walikuwa nayo, na mujomba alikuwa nayo nyuma ya jiko. Mwenda alialikwa hata kwenye tamasha la Newport mwaka 1969, Marekani kwenyewe. Wale hawakumuuliza kofia.

Basi nimezirudia zile albamu za mupwa wangu kwa kipimo hicho, gumba na habari za nyumbani. Mega zimekwisha mara tatu, lakini nimemaliza.

Cowboy Carter ya Beyoncé, ya mwaka 2024, ndiyo iliyozimwa na muzee. Nusu ya kwanza ni kazi kubwa. Banjo ya Rhiannon Giddens inafungua "Texas Hold 'Em" kwa namna ambayo hata muzee, nilimuona, alitikisa mguu kabla hajakumbuka kukasirika. Kile kitendo cha kumualika Linda Martell, mwanamke mweusi wa kwanza kuimba peke yake Grand Ole Opry, mwaka 1969, na ambaye wenye biashara walimusahau mapema, ni heshima ya kweli kwa mukubwa. Lakini albamu ina vipande 27 na inakaribia dakika 80. Kadiri inavyoendelea, ndivyo unavyosikia mutu aliye mahakamani: anatoa ushahidi huu, analeta shahidi yule, anarudi tena na karatasi ingine. Naelewa kwa nini. Mwaka huohuo tuzo za CMA hazikumutaja hata mara moja, kisha Februari 2025 Grammy zikampa albamu bora ya kantri na albamu bora ya mwaka. Lakini wimbo unaojitetea unachoka mapema kuliko wimbo unaosimulia. Katika "Jolene" Dolly Parton alimuomba mwanamke mwingine amuachie mume, Beyoncé anamtisha. Mimi namwamini zaidi anayeomba. Anayetisha hana usiku wa kukosa usingizi.

Shaboozey, mutoto wa wazazi wa Nigeria aliyezaliwa Virginia, ametoa Where I've Been, Isn't Where I'm Going mwaka huohuo. Wimbo wake mukubwa, "A Bar Song", ulikaa wiki 19 kileleni Marekani. Ni habari ya mutu ambaye kazi haimulipi vya kutosha na vitu vinapanda bei, basi anakwenda kunywa. Hapo mwalimu yeyote wa Kasongo hahitaji mukalimani. Sauti yake ina vumbi la njia, naipenda. Ninachokosa ni mukono. Gita limewekwa pale kama maua ya plastiki mezani, mashine ndiyo inayopika. Sikilizeni mukiwa safarini, siyo mukiwa mumekaa.

Wa Kenya tusimuache. Sir Elvis, yaani Elvis Otieno, amewafanya watu wa Nairobi wavae kofia na buti kwa miaka mingi, na sauti yake haina deni kwa mutu. Lakini anapoimba nasikia Nashville tupu, nikifunga macho sijui niko nchi gani. Ni ugonjwa uleule wa mujomba mbele ya wageni, nasema kwa heshima. Siku atakapopiga albamu nzima kwa Kiswahili au Kijaluo, nitakuwa wa kwanza kununua.

Niliyoipenda kuliko zote haina kelele yoyote: What Did the Blackbird Say to the Crow, ya Rhiannon Giddens na Justin Robinson, mwaka 2025. Banjo na fidla, basi. Walirekodi nje, North Carolina, mpaka unasikia ndege na wadudu. Ni nyimbo walizojifunza kwa wazee wao, hasa Joe Thompson, muzee mweusi mupiga fidla ambaye walimufuata nyumbani kwake wakiwa vijana, wakakaa miguuni pake. Nilipoisikia nilikasirika kidogo. Siyo juu yao. Juu yangu, mimi niliyekaa karibu na jiko miaka yote ile na sikushika hata nyuzi.

Na ya mwisho ni ya zamani: African Guitar Legend, ya Mwenda mwenyewe, aliyoirekodi Cape Town mwaka 1988, miaka miwili kabla ya kufa. Msianze na Jim Reeves mukitaka kumufundisha mutoto kantri. Anzeni hapo. Kisha Giddens. Kisha Jim Reeves, kwa sababu muzee ana haki yake. Beyoncé na Shaboozey wataingia wenyewe, hao hawakosi mulango.

Mupwa wangu anafanya kazi usiku katika ghala kule Lexington, muji ambamo Kiswahili cha Kongo kinasikika sokoni na makanisani, katika jimbo lilelile alikozaliwa Bill Monroe, baba wa bluegrass. Nilimutumia Mwenda. Akakaa wiki mbili bila neno. Kisha akaniandikia: "Mujomba, nimenunua gita ya mutumba. Ile gumba inaendaje?" Nikamwambia ninachokumbuka: kama mutu anayekwenda shamba. Mwezi uliopita amenitumia sauti ya sekunde arobaini. Nikaenda nayo kwa muzee, nikampigia bila kumwambia ni nani.

Alisikiliza yote, akaomba nirudie. Kisha akasema: "Gumba linachelewa."

Na kweli linachelewa. Nimemuandikia hivyo.