Sentensi ya Mfano

Katika shule nyingi za msingi za Kenya, tashbihi za Kiingereza hukaririwa darasa zima kwa sauti moja. Jasiri ni "as brave as a lion", mchapakazi ni "as busy as a bee", mtulivu ni "as cool as a cucumber". Simba na nyuki hawana shida, tunawajua. Tango ndilo linaloleta maswali, ila hakuna anayeyauliza: mtoto analitia kwenye insha, mwalimu analiwekea vema, na safari inaendelea. Mtoto wa Mombasa angeweza kuambiwa kwa nusu dakika tu kwamba hata kwao mtu hutulia kama maji mtungini. Baridi ya kile unachokigusa imefanywa utulivu wa moyo, huko na huku.

Sina ugomvi na kukariri. Ninachotaka kukisifu ni ufundi unaoanzia pale orodha inapokomea, ufundi wa kutunga sentensi ya mfano. Nasema ile sentensi fupi ya herufi za mlazo inayofuata maana ya neno katika kamusi, ambayo wengi wetu tunairuka kwa sababu maana tumeshaipata.

Kamusi za zamani za Kiingereza zilimwandikia Mwingereza. Zilimweleza neno gumu basi, maana matumizi alishayapata nyumbani tangu utotoni. Mgeni aliachwa ahangaike mwenyewe. Waliomfikiria kwa dhati ni walimu waliokuwa wakisahihisha madaftari yake, na wengi wao walikuwa Asia. Michael West, aliyefundisha Bengal, alitoa na James Endicott mwaka 1935 kamusi iliyoeleza maneno na misemo ipatayo 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Tokyo, Harold Palmer alikuwa ameanzisha mwaka 1923 taasisi ya utafiti wa ufundishaji wa Kiingereza, na katika ripoti yake ya mwaka 1933 alionyesha kwamba kinachomshinda mgeni ni mafungu ya maneno kuliko neno mojamoja. Neno lipi hukaa na lipi, na lipi halikubali kuguswa.

Mmoja wa waliofanya kazi na Palmer alikuwa A. S. Hornby, mwalimu aliyefika Japani mwaka 1924. Yeye na E. V. Gatenby na H. Wakefield walitunga kamusi ambayo haikuishia kwenye maana, ilimwonyesha mwanafunzi jinsi sentensi inavyojengwa kwa neno hilo. Vita vikawakuta. Japani ilipoingia vitani Desemba 1941 Hornby alitiwa kizuizini, na mwaka 1942, mwaka uleule aliorudishwa kwao, mchapishaji wa Tokyo aitwaye Kaitakusha akaitoa kamusi hiyo. Chuo Kikuu cha Oxford kilipoichapa mwaka 1948, kurasa zile za Tokyo zilipigwa picha tu zikachapwa upya. Kwa hiyo "Oxford" inayogombewa katika maktaba za sekondari zetu, kwa asili yake, ni kitabu cha darasa la Kijapani. Naona hilo linaieleza kamusi ile kuliko jina lililo juu ya jalada.

Sasa tuuangalie ufundi wenyewe kazini. Chukua "kick the bucket", ambayo hakuna orodha ya shule inayoikosa. Maana yake: kufa. Ni kweli, lakini mwenye kujua hilo peke yake bado hajui kitu. Akiigeuza akasema "the bucket was kicked", hakuna aliyekufa, kuna ndoo imepigwa teke. Sisi tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Kijana amepata jiko, yaani ameoa. Lakini ukisema jiko limepatikana, watu watauliza ni la gesi au la mkaa. Tena Mwingereza anaweza kusema mgonjwa alikuwa akifa kwa wiki kadhaa, ila hawezi kumweka kwenye nahau ile kwa wiki kadhaa. Ndoo hupigwa teke mara moja. Na lipo kubwa zaidi. Mwanafunzi mwenye adabu zake, aliyejifunza Kiingereza kwa orodha, ataitia nahau hiyo katika barua ya rambirambi kwa familia ya marehemu, akidhani amepamba. Hebu msikilize mtangazaji wa redio akisoma tanzia kwamba mzee fulani amekata kamba! Kamusi nzuri humwokoa mwanafunzi huyo kwa alama ndogo ya kuonyesha kwamba hayo ni maneno ya mazungumzo, kisha kwa mfano unaomweka msemaji mahali ambapo mzaha unaruhusiwa. Yote hayo katika mstari mmoja na nusu. Anthony Cowie na Ronald Mackin, waliotunga kamusi ya nahau ya Oxford ya majuzuu mawili, la kwanza mwaka 1975 na la pili mwaka 1983, walijaza mamia ya kurasa kwa kazi hiyo, kueleza kipi katika nahau kinabadilika na kipi hakibadiliki.

Maneno yanayochanganywa yana kesi nyingine. Mengi ni ya tahajia tu, kama "stationery" na "stationary", na hayo yanataka macho zaidi ya akili. Lakini "lie" na "lay" huwashinda hata wenyewe Waingereza na Wamarekani, na hapa Mswahili ana mtaji ambao ni nadra kuona mwalimu akiutumia. Sisi tuna lala na laza. Anayelala amelala mwenyewe. Anayelaza lazima awepo wa kulazwa. Basi "lie" ni lala, "lay" ni laza. Wala si bahati nasibu, kwa kuwa Kiingereza cha kale nacho kilikuwa na vitenzi vya kusababisha, na mabaki yake ndiyo haya. Hata "drench" ilikuwa kunywesha kabla ya kuwa kulowesha. Tatizo liko kwenye wakati uliopita, kwa sababu "lie" ikishapita inakuwa "lay", ikajifunika nguo ya mwenzake. Fundi hatakuletea kanuni hapo. Ataandika: "She laid the baby on the mat and lay down beside it." Mama alimlaza mtoto mkekani, naye akalala kando yake. Maneno mawili yamekutana palepale yanapogombana, na mtoto anaonyesha lipi linahitaji wa kulazwa.

Wapo wanaoamini kwamba nahau hufunguka ukijua zilikotoka. Mimi nakubali nusu. "Taken aback", kupigwa na mshangao, ni habari ya jahazi la matanga: upepo umegeuka ghafla ukayasukumiza matanga kwenye mlingoti, chombo kikasimama. "By and large", yaani kwa jumla, ni chombo kinachokwenda vyema joshi na hata upepo ukiwa nyuma. Baharia wa Lamu atafurahia sana. Ila mtu wa Tabora anasema mambo yamekwenda mrama kila wiki bila kujua kwamba mrama ni kule kuyumba kwa chombo baharini, na halikosei hata siku moja. Amelisikia likitumika vizuri, mara nyingi, na wanaojua. Sentensi ya mfano inajaribu kumpa mgeni kidogo cha kusikia huko ambako hakukupata.

Kazi iliyobaki ni yetu. Kamusi zinazotoka Oxford leo zinamwandikia mwanafunzi wa dunia nzima, na mwanafunzi wa dunia nzima hana kitenzi azima. Sisi tunacho: nimeazima kitabu kwa Asha, Asha ameniazima kitabu, kitenzi kilekile kwa mtoaji na mpokeaji. Ndiyo maana darasani husikika "borrow me your pen". Mwalimu wa kidato cha kwanza, anayeikuta sentensi hiyo kwenye madaftari kila muhula, anaweza kuitungia dawa kuliko mhariri yeyote wa ng'ambo. Mimi ningeanza na hii: "I borrowed his bicycle because nobody would lend me a car." Baiskeli nimeipokea, gari nimenyimwa, na mwanafunzi aulizwe ni nani alikuwa na nini kabla ya hapo.